Usiku Mmoja wa Juni: Jinsi Bei ya Labubu Ilivyoporomoka

Mnamo Juni 18, 2025, kasha lenye maboksi sita ya Labubu, kinyago kinachouzwa ndani ya boksi lililofungwa, lilikuwa na bei mbili nchini China. Bei ya kampuni ilikuwa yuani 594, yaani yuani 99 kwa boksi. Kwa walanguzi, kasha hilohilo lilikuwa likienda kwa yuani 1,500 hadi 2,800. Kesho yake walanguzi wakawa wanalipokea kwa yuani 650 hadi 800, na si kila mmoja alikuwa tayari kulipokea. Vinyago havikuwa vimebadilika, wala hapakuwa na habari mbaya iliyotangazwa. Kampuni ya Pop Mart ilikuwa imefungua tu maagizo ya mtandaoni, safari hii kwa wingi ambao haukuwa umewahi kuonekana tangu toleo lile litoke mwezi Aprili.

Kisa hiki kilizungumzwa sana kama habari ya mitindo, au kama kituko cha watu wazima kugombania wanasesere. Mimi nakitazama kama suala la biashara: muuzaji anapokuuzia kitu ndani ya boksi usiloruhusiwa kuchungulia, nani hubeba hasara ya kile kisichotakiwa? Usiku ule jibu lilionekana waziwazi kwa sababu hasara ilihama mikono ndani ya saa chache.

Kwanza kinyago chenyewe. Labubu ni zimwi dogo la kike lenye masikio marefu kama ya sungura na meno tisa yaliyochongoka. Alimbuni Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi, ambako alisoma hadithi za majitu na viumbe wa misituni wa nchi za Kaskazini ya Ulaya. Mwaka 2015 aliwaweka Labubu na wenzake, akina Zimomo na Tycoco, katika vitabu vya picha alivyoviita The Monsters. Mwaka 2019 Lung aliingia mkataba na Pop Mart, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010 na Wang Ning. Mambo yalibadilika Oktoba 2023 ilipotoka Labubu yenye uso wa plastiki laini, mwili wa manyoya na pete ya kuning'inizia kwenye mkoba. Kinyago kikashuka kabatini kikaanza kutembea barabarani. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji Mthailand wa kundi la muziki la Blackpink la Korea Kusini, akaonyesha za kwake mtandaoni, Thailand ikawaka moto, na nchi nyingine zikafuata.

Pop Mart haikubuni mtindo wa kuuza kitu kilichofichwa. Mashine za Japani zinazotoa vinyago ndani ya vidonge vya plastiki ukitumbukiza sarafu zina miongo mingi. Kampuni ilionja faida yake ilipokuwa ikiuza Sonny Angel, vitoto vya Kijapani vilivyofungwa kwenye maboksi, na mwaka 2016 ikatoa mfululizo wa kwake wa kinyago kiitwacho Molly kwa utaratibu huohuo. Kuanzia hapo boksi la kubahatisha likawa uti wa mgongo wa biashara.

Sasa tufungue kasha la Aprili 2025, lile la kisa chetu, lililouzwa kimataifa kwa jina la Big into Energy. Ndani yake kuna rangi sita, kila moja na jina lake: Upendo, Furaha, Uaminifu, Utulivu, Tumaini na Bahati. Ipo na ya saba, ya siri, iitwayo Id, ambayo uwezekano wake umeandikwa waziwazi: moja kwa 72. Naomba msomaji asiruke hesabu zinazofuata, maana kisa chote kimekaa humo.

Ukinunua kasha zima la maboksi sita, kwa kawaida unapata rangi zote sita bila kurudiwa. Ikitokea ya siri imo, inachukua nafasi ya rangi mojawapo. Kwa kuwa 72 ni 6 mara 12, maana yake ni kasha moja kati ya kumi na mawili. Kwa hiyo mwenye yuani 594 mkononi na kasha mbele yake habahatishi karibu chochote isipokuwa hiyo ya siri.

Anayenunua boksi mojamoja yuko katika mchezo mwingine kabisa. Tuseme kila boksi analookota lina uwezekano sawa wa rangi zote sita. La kwanza lazima limpe rangi asiyokuwa nayo. La pili lina uwezekano wa tano kwa sita. Anavyoendelea ndivyo maboksi yanavyozidi kumpa anachokwisha kuwa nacho, mpaka rangi ya mwisho, ambayo peke yake inamgharimu wastani wa maboksi sita, yaani sawa na bei ya kasha zima. Jumla ya wastani ni maboksi 14.7. Kwa bei ya kampuni hizo ni karibu yuani 1,455 badala ya 594, na nyumbani anabaki na vinyago vinane au tisa vilivyojirudia.

Swali la kujiuliza ni nani aliyeuziwa kasha na nani aliyeuziwa boksi. Kasha humtaka mnunuzi awe na fedha ya kutoa kwa mkupuo na awe wa kwanza kufika. Kijana mwenye hela ya boksi moja kila mwisho wa wiki ndiye anayelipa zaidi ya mara mbili ili afike palepale. Hakuna aliyemdanganya, uwezekano umeandikwa. Hii si karata tatu ya stendi, ambako mchezeshaji anaihamisha karata usipoangalia. Mchezeshaji hapa anaweka mezani karata za haki kabisa, na bado anakula.

Sasa mtazame mtengenezaji. Akiuza rangi sita wazi rafuni, mbili zitagombaniwa, tatu zitakwenda taratibu na moja itabaki hadi ipunguzwe bei. Kila mwenye duka la nguo Kariakoo au Gikomba anaijua rangi inayolala dukani. Ndani ya boksi lililofungwa, hakuna rangi inayolala. Zote zinatoka kwa bei moja na kwa kasi moja, halafu wanunuzi ndio wanaohangaika kubadilishana, kuuziana na kutafutana ili kila rangi imfikie anayeitaka. Kazi ambayo kwa kawaida ni ya mfanyabiashara, ya kukisia wateja watapenda nini na kula hasara akikosea, wanaifanya wateja, na wanailipia. Huu ndio utaalamu halisi wa biashara hii, na kwa maoni yangu una uzito kuliko ule msisimko wa kufungua ambao wachambuzi wengi huuanzia.

Hapo ndipo mlanguzi anapoingia, maana palipo na watu wanaotafutana dalali hakosekani. Mlanguzi ananunua makasha, anayafungua au anayaacha yamefungwa, na anamuuzia kila mtu rangi anayoitaka kwa bei ya juu. Katika hali ya kawaida anafanya kazi yenye manufaa: anauza uhakika. Ukitaka Utulivu ya kijani peke yake, ni nafuu kumpa yeye nyongeza kidogo kuliko kufungua maboksi yasiyo na mwisho.

Mwaka 2025 hali haikuwa ya kawaida. Toleo la Aprili lilitoka wakati dunia nzima inaitaka Labubu na viwanda havijaongeza mzigo wa kutosha. Mezani kwa mlanguzi hesabu ilikuwa hivi. Kasha la bei ya chini kabisa sokoni, yuani 1,500, lilimaanisha kila boksi lina thamani ya yuani 250. Id yenyewe ilikuwa imefika hadi yuani 4,607 katika soko la mtandaoni la mitumba. Gawanya kwa 72, utaona kwamba kila boksi lililofungwa lilibeba yuani 64 za tumaini tupu. Kampuni ilikuwa inauza boksi hilo kwa 99. Yeyote aliyefanikiwa kununua dukani alikuwa amepata zaidi ya yuani 150 kabla hajafika mlangoni.

Ukiona hesabu hiyo, misururu haikushangazi tena. Wengi wa waliolala nje ya maduka hawakuwa na mapenzi na zimwi lile. Walikuwa wanapanga foleni ya fedha inayogawiwa bure. Mwezi Mei 2025 Pop Mart ilisimamisha mauzo ya Labubu katika maduka yake yote 16 ya Uingereza baada ya wateja kuanza kugombana, ikisema inaogopea usalama. Vyombo vya habari vililaumu kizazi hiki na simu zake. Kwa kitu chochote kinachouzwa kwa 99 na kununuliwa nje kwa 250, hata kingekuwa ndoo za plastiki, watu wangesukumana. Wazee wetu wa Tanzania waliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya themanini hawahitaji kuelezwa jinsi bei rasmi na bei ya mlango wa nyuma zinavyozaa walanguzi.

Kampuni ilikuwa na njia tatu. Ingeweza kupandisha bei yenyewe ili faida ya walanguzi iingie mfukoni mwake. Ingeweza kuacha mambo yaendelee, na njia hii ilikuwa na utamu wake: kila picha ya msururu ni tangazo la bure. Mnamo Juni 10, nyumba ya mnada ya Yongle mjini Beijing iliuza Labubu ya kijani yenye kimo cha sentimita 131 kwa yuani milioni 1.08. Tangazo la namna hiyo halinunuliki. Njia ya tatu ilikuwa kumwaga mzigo.

Ilichagua ya tatu, siku ya Juni 18, ambayo China nzima inaijua kama kilele cha mauzo ya punguzo ya katikati ya mwaka. Maagizo yalifunguliwa mtandaoni, mteja analipa sasa na mzigo unatumwa baadaye kwa zamu. Hapa pana jambo dogo lenye akili nyingi. Kampuni haikuhitaji kuwa na vinyago ghalani usiku ule. Ilitosha kila mtu ajue kwamba akivumilia atakipata kwa 99. Mlanguzi haishi kwa uhaba peke yake, anaishi pia kwa hofu ya mnunuzi kwamba uhaba hautaisha. Hofu ilipoondoka, makasha yaliyokuwa yamerundikwa vyumbani yalitafuta mnunuzi kwa wakati mmoja.

Rudia hesabu ya awali kwa bei mpya. Kasha kwa 650 ni yuani 108 kwa boksi. Id ilishuka hadi yuani 2,851, hivyo tumaini ndani ya kila boksi likapungua kutoka 64 hadi takriban 40. Toa usafiri, toa ada ya jukwaa la mauzo, toa muda wa foleni: mlanguzi aliyenunua dukani kwa 99 hakupata kitu, na aliyenunua kwa mlanguzi mwenzake kwa 1,500 akipanga kuuza 2,000 aliumia vibaya. Huyu wa pili ndiye ninayemwonea huruma kidogo. Katika kila ulanguzi, wa kwanza hununua kwa kampuni na wa mwisho hununua kwa walanguzi, na bei ikianguka ni huyo wa mwisho anayekutwa na mzigo.

Wako waliosema Pop Mart ilijipiga risasi mguuni, kwamba thamani ya kitu cha kukusanya ni uadimu wake na sasa uadimu umeuawa. Hisa zake Hong Kong zilishuka siku iliyofuata, zikashuka tena Juni 20 baada ya People's Daily, gazeti la chama tawala cha China, kuandika kwamba biashara ya maboksi na kadi za kubahatisha inahitaji kudhibitiwa zaidi. Takwimu za Agosti ziliwajibu. Katika nusu ya kwanza ya 2025 kampuni iliingiza yuani bilioni 13.88, kiasi kinachozidi mapato ya mwaka mzima wa 2024, ambayo yalikuwa bilioni 13.04. Kundi la The Monsters peke yake lilileta bilioni 4.81. Kampuni ikasema pia kwamba viwanda sasa vinaweza kutoa vinyago vya manyoya milioni 30 kwa mwezi, zaidi ya mara kumi ya mwaka uliotangulia. Mtu anayejenga uwezo wa milioni 30 kwa mwezi hauzi uadimu. Anauza mzigo, na mlanguzi anayeshikilia kasha bila kulifungua ni ghala linaloweza kufunguka siku yoyote na kushindana naye. Kumwondoa lilikuwa jambo la lazima, na naona kampuni ilikuwa sahihi, ingawa haikuwa na haraka mpaka ilipokwisha kuvuna umaarufu wa misururu.

Hisa zilipanda tena hadi zaidi ya dola 330 za Hong Kong mwishoni mwa Agosti, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimepoteza zaidi ya theluthi ya thamani hiyo. Wanaokusanya hisa na wanaokusanya mazimwi hawatofautiani sana.

Lipo la watoto, ambalo si la kupita kimya. China ilikwisha kuonywa kabla ya Labubu. Januari 2022 KFC ya nchini humo ilishirikiana na Pop Mart kutoa vinyago vya Dimoo ndani ya vyakula vya seti, na mteja mmoja akatumia yuani 10,494 kununua seti 106 kwa mpigo. Wengine waliwalipa watu wawalie chakula ili wabaki na kinyago, au walikitupa. Chama cha Walaji cha China kilikemea hadharani upotevu ule. Juni 2023 mamlaka ya usimamizi wa soko ikatoa mwongozo: maboksi ya kubahatisha yasiuzwe kwa walio chini ya miaka 8, wenye umri zaidi ya huo ambao bado ni watoto wawe na idhini ya mzazi, na uwezekano wa kila kinyago utangazwe.

Mwongozo ni mzuri, lakini angalia unachogusa. Kutangaza kwamba Id ni moja kwa 72 hakumwambii mtoto kwamba akinunua maboksi 72, kwa yuani 7,128, bado ana zaidi ya theluthi moja ya uwezekano wa kutoka mikono mitupu. Watu wazima wengi nao hudhani kwamba moja kwa 72 ni ahadi ya kuipata katika 72. Wanaobeti mpira kila Jumamosi wanalijua kosa hili kwa mwili wao. Ningeandika mwongozo huo mimi, ningetaka boksi lionyeshe wastani wa gharama ya kukamilisha seti kwa kununua mojamoja. Tarakimu hiyo inaeleweka hata na asiyejua uwezekano ni nini.

Waliopuuza boksi kabisa ni wale wa bandia. Labubu za kuiga, zilizopachikwa jina la Lafufu, zilizagaa duniani, na mwaka 2025 mazimwi ya meno yaliyopinda na idadi yoyote ile yalianza kuning'inia kwenye mikoba ya Nairobi na Dar es Salaam pia. Muuzaji wa bandia hana siri. Amezitundika wazi kwenye kamba, pinki hapa, kijani pale, unanyoosha kidole unapewa. Hasara ya rangi isiyopendwa imerudi kwake, kama biashara zote za zamani, na bado anapata faida kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile halisi. Sizisifii: Agosti 2025 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilionya kwamba za bandia zinaachia vipande vinavyoweza kumkaba mtoto mdogo. Lakini zinathibitisha kwamba wapo wanunuzi wengi walioitaka sura ile na hawakuwa na haja yoyote ya kubahatishiwa.

Je, Pop Mart yenyewe ilijifunza nini Juni? Kuhusu mzigo, mengi. Kuhusu boksi, angalia toleo la Agosti 28, 2025: Labubu ndogo za kuning'iniza kwenye simu, kila moja na herufi. Seti imegawanywa mara mbili, A hadi M na N hadi Z pamoja na alama mbili za ziada, kila nusu vinyago 14, yuani 79 kwa boksi. Kasha la nusu moja ni yuani 1,106. Ya siri ni moja kwa 168, ambayo ni 14 mara 12, kwa hiyo tumerudi kwenye kasha moja kati ya kumi na mawili, ila kasha lenyewe limekuwa ghali karibu maradufu.

Kwa anayenunua boksi mojamoja, kukamilisha vinyago 14 kunahitaji wastani wa maboksi 45 na ushee badala ya yale 14.7, tena hiyo ni nusu tu ya alfabeti. Wengi hawatahitaji alfabeti yote, watataka jina lao. Anayeitwa Zuhura atatafuta Z, R na U mbili katika nusu moja, kisha H na A katika nusu nyingine. Kila herufi anayoihitaji ina nafasi ya takriban moja kwa 14 katika boksi analolinunua, na rafu, safari hii, imejaa maboksi.